Hema la msafiri wa baiskeli: Wepesi usikuletee homa

Msomaji, ukiwa na baiskeli yenye keria madhubuti na siku mbili tatu za likizo, barabara ya kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma ni safari ya kupendeza. Kwa jumla unateremka, kwani Kitale iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma kama mita 1,400. Lakini je, utalala ndani ya nini? Kila kilo unayopakia, magoti yako ndiyo yatakayoilipia penye miinuko, na ndiyo sababu wengi hujichukulia kipande cha turubai na kamba tu. Ni chepesi kweli, ila hakizuii mbu.

Mbu anayeeneza malaria huuma usiku, hasa kuanzia usiku mkuu hadi karibu na alfajiri, wakati msafiri aliyechoka amelala fofofo. Bungoma imo katika eneo linalopakana na Ziwa Viktoria ambako malaria haikomi mwaka mzima. Mwenyeji aliyeumwa na mbu tangu utotoni huwa na kinga kiasi. Wewe uliyekulia Nairobi au Eldoret huna, na hata mkazi wa Kitale asijidai sana. Kijana mmoja alinijia siku kumi baada ya safari kama hiyo, akitetemeka na kulalamikia maumivu ya viungo. Alikuwa amekunywa vidonge vya maumivu kwa siku tatu akiamini ni uchovu wa kukanyaga pedali. Malaria huchukua angalau siku saba tangu kuumwa kabla ya kujitokeza, kwa hiyo homa yoyote baada ya safari, hata majuma kadhaa baadaye, ni ya kupimwa damu siku hiyo hiyo. Usinunue dawa dukani kwa kubahatisha.

Basi tafuta hema la tabaka mbili: la ndani la wavu, la nje la kuzuia mvua. Matundu ya wavu yasizidi milimita 1.2 hivi. Zipu ifunge hadi mwisho, na sakafu iwe imeshonwa pamoja na kuta ili kupe, siafu na nyoka wasipate mlango. Hema la mtu mmoja lisilozidi kilo mbili linakutosha. Iwapo mfuko hauruhusu, chandarua kilichotiwa dawa, kikining'inizwa chini ya turubai na kuchomekwa vizuri chini ya mkeka, kitakufaa kuliko hema la bei lenye wavu uliotoboka.

Baridi nayo haifai kupuuzwa. Kila ukipanda mita 100 joto hupungua kwa zaidi ya nusu digrii, hivyo anayekunja kuelekea Mlima Elgon atakuta usiku mwingine kabisa. Mwili wenye nguo zilizolowa jasho au mvua hupoteza joto upesi mno. Badilisha nguo kabla ya kuingia, na tandika godoro jembamba la sponji, maana ardhi hunyonya joto kuliko upepo.

Hapa nasema kwa ukali: usiingize jiko la makaa hemani, hata likiwa limebaki majivu mekundu tu, hata mvua ikinyesha. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, ambayo hushikana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza kwa kuumwa kichwa na kichefuchefu, kisha husinzia, na aliyesinzia hawezi kujiokoa. Hema jepesi lililofungwa ni dogo kuliko chumba chochote, na hewa hiyo hujaa upesi. Pikia nje, na uache matundu ya juu ya hema wazi usiku kucha. Yatapunguza pia unyevu wa pumzi yako unaodondoka alfajiri.

Wengine husema, hema la nini na Elgon ina mapango? Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alizuru pango la Kitum, akaugua homa ya Marburg na kufariki. Daktari aliyemhudumia Nairobi aliambukizwa, akapona. Mwaka 1987 kijana wa Denmark wa miaka 15 alizuru pango hilo hilo, naye akafa kwa ugonjwa huo. Baadaye virusi hivyo vilipatikana katika popo wala matunda wa mapangoni nchini Uganda. Pango lenye popo si pa kulala.

Kwa radi ya magharibi, usisimamishe hema chini ya mti uliojitenga. Hema halizuii radi.

Siku chache kabla ya kuondoka, lisimamishe uani na ulimwagie ndoo mbili za maji uone panapovuja. Ukirejea, lianike kivulini hadi likauke kabisa, kwani jua kali huidhoofisha nailoni.