Kukata Picha si Kukata Kauli ya Mtu

Wengi wetu tumepata kuona sinema. Zamani gari la sinema lilifika kijijini jioni, watu wakakaa chini mbele ya kitambaa cheupe. Siku hizi wengi huona filamu katika televisheni au katika simu. Lakini iko kazi moja ambayo watazamaji hawaioni. Kazi hiyo hufanywa baada ya picha kupigwa. Inaitwa kuhariri filamu. Mhariri huchagua vipande vya picha, huvikata, kisha huviunga.

Kazi hii inafanana na kusoma. Chukua neno KATA. Ukizipanga herufi zake vingine, unapata TAKA. Herufi ni zile zile, lakini maana imebadilika. Picha nazo ni hivyo hivyo.

DARASA LA VIJANA SITA

Hebu tufuate darasa moja la mfano, hapa Mtwara. Vijana sita wanajifunza kutengeneza filamu. Mwalimu aliwapa kazi ya kikundi: filamu ya dakika 8 juu ya wavuvi. Wawili walishika kamera. Mmoja alishika chombo cha sauti. Mmoja aliuliza maswali na mmoja aliandika orodha ya picha. Wa sita, msichana, alipewa kazi ya kuhariri kwa kompyuta.

Walikwenda ufukweni Mikindani. Walirudi na picha za dakika 90. Filamu ilitakiwa kuwa ya dakika 8 tu. Basi picha nyingi zilipaswa kuachwa.

Hapo ubishi ukaanza. Wapiga picha walitaka picha yao ya jua likizama ibaki. Mwuliza maswali alitaka maswali yake yote yabaki. Mwalimu aliwauliza neno moja: "Kipande hiki kinamwambia nini mtazamaji?" Kipande kilichokosa jibu kiliwekwa kando. Picha ya jua ikaondoka.

Yule msichana alijifunza hatua za kazi. Kwanza, kutazama picha zote bila kukata. Pili, kuandika kila kipande kina nini. Tatu, kuchagua. Nne, kupanga kwa karatasi. Tano, kukata na kuunga. Mwisho, kusawazisha sauti.

MZEE HAKUISHIA HAPO

Katika picha zile alikuwamo mvuvi mzee. Aliulizwa juu ya baruti. Alijibu: "Baruti inatoa samaki wengi kwa siku moja. Lakini kesho yake hurudi mahali pale ukapata kitu. Mwamba umekufa."

Mzee alisema polepole, akakohoa katikati. Msichana aliona kipande ni kirefu. Akakata pale mzee alipokohoa. Likabaki neno la kwanza tu: "Baruti inatoa samaki wengi kwa siku moja." Baada yake akaunga picha ya kapu lililojaa samaki.

Kikundi kilipotazama, wote walinyamaza. Mzee ameonekana anasifu baruti! Filamu hiyo ikionyeshwa kijijini, jirani zake watasema nini? Askari je?

Mwalimu hakumgombeza. Aliwasimulia habari ya mwalimu Lev Kuleshov wa Urusi. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, filamu mpya zilikuwa haba sana nchini humo. Kuleshov alijifunza mengi kwa kukata na kuunga upya filamu za zamani. Alichukua picha ya uso wa mchezaji mmoja. Akaiunga na picha ya bakuli la supu. Kisha akaunga uso ule ule na picha ya maiti katika jeneza. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa mara ya kwanza, na huzuni mara ya pili. Uso haukubadilika. Kilichobadilika ni picha ya jirani yake.

Kikundi kilirudisha maneno yote ya mzee. Kikohozi kilikatwa peke yake. Pale palipokatwa wakaweka picha ya mikono yake ikishona wavu, huku sauti yake ikiendelea. Kisha walirudi Mikindani.

"Shikamoo, babu. Tumekuja ujione kabla ya watu wengine."

Walimwonyesha filamu ya kwanza na ya pili. Mzee alisema: "Ile ya kwanza ni sauti yangu kweli. Lakini mimi sikuishia hapo. Hii ya pili ndiyo yangu."

MTWARA TUNALIJUA JAMBO HILI

Darasa hili ni mfano, lakini baruti si hadithi. Serikali iliipiga marufuku katika uvuvi tangu sheria ya mwaka 1970. Hata hivyo wako walioendelea. Mlipuko huua samaki wakubwa na wadogo pamoja. Huvunja matumbawe ambayo ni nyumba ya samaki, na matumbawe huchukua miaka mingi kukua tena.

Katika miaka ya 1990, mradi wa RIPS uliosaidiwa na Ufini ulitumia video katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Wanavijiji walisema shida zao mbele ya kamera, pamoja na shida ya baruti. Kanda zilionyeshwa kwa wananchi wenyewe na kwa viongozi. Mvuvi asiyeweza kusafiri kwenda ofisini, sauti yake ilifika. Lakini sauti hiyo hufaa tu kama haikupotoshwa njiani. Mwaka 2000 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma.

TUFANYE NINI?

Siku hizi kijana mwenye simu anaweza kukata na kuunga picha. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kumbuka haya:

1. Ukipigwa picha, uliza itatumika wapi.
2. Omba uione kabla haijatolewa.
3. Ukiona filamu ya mtu akisema neno fupi, jiulize: Alisema nini kabla? Alisema nini baadaye?
4. Ukihariri wewe, kata kikohozi, usikate kauli.

ZUNGUMZENI

Je, umewahi kusikia maneno ya mtu yaliyokatwa katikati? Yalileta madhara gani? Zungumzeni katika kikundi chenu cha kisomo.