Simu ya siku ya 28

Ripoti za utafiti wa watoto wachanga zina sentensi moja isiyokosekana: watoto walifuatiliwa hadi siku ya 28. Nani aliwafuatilia, ripoti haisemi. Nilikuwa nikisoma kuhusu utafiti uliofanywa Migori, magharibi mwa Kenya, sentensi hiyo iliponikaa rohoni, nikaanza kuuliza ni nani hasa huinua simu siku hiyo, na humwambia nini mama ikiwa yeye mwenyewe hajui kama mtoto yu hai.

Muuguzi mtafiti niliyempata amehudumu katika wodi za watoto wachanga Migori na Homa Bay. Ameomba nisimtaje, kwa kuwa habari anazosimulia ni za akina mama ambao bado anakutana nao sokoni. Wodini wanamwita sista tu, kama wenzake. Humpima njiti uzito, huangalia mrija wa maziwa puani, humfunga mama kanga ili mtoto akae kifuani ngozi kwa ngozi. Kisha hutoa fomu ya ridhaa, akaieleza kwa Kidholuo mstari kwa mstari. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi. Mwisho huomba namba ya simu.

Namba moja, anasema, ni sawa na kukosa. Huomba ya mama, ya mume, ya mama mkwe na ya jirani mwenye duka. Mume akiwa mchimba dhahabu Macalder, simu haishiki akiwa shimoni. Akiwa mvuvi, huenda ziwani usiku na kulala mchana. Kule Muhuru Bay simu huweza kudaka mtandao wa Tanzania, mama akaogopa kupokea asije akakatwa salio. Sista ana daftari lake dogo, si la utafiti, anamoandika saa ambazo kila nyumba hupatikana.

Siku ya 28 ikifika, hampigii mtu kabla ya saa nne asubuhi, kwa maelezo kwamba simu ya alfajiri huku hudhaniwa ni ya msiba. Akipokewa husema amosi, yaani nakusalimu, kisha humwita mama kwa kwao: nyar Kadem, binti wa Kadem, au nyar Karungu. Hathubutu kumwita mama fulani. Mtoto anaendeleaje? Swali hilo halianzi kamwe, wala swali la maziwa, kwa sababu matiti ya aliyefiwa huendelea kujaa. Huuliza kwanza hali ya mama mwenyewe: kidonda cha upasuaji kimekauka? Unapata usingizi? Halafu hunyamaza, akimwachia mama nafasi ya kumtaja mtoto au kutomtaja.

Akimtaja, mengine ni mepesi. Asipomtaja, sista huketi. Ananieleza kwamba kuna mama aliyemsimulia habari za mvua na mahindi kwa muda mrefu kabla ya kusema kwamba mtoto amekufa. Hakumkatiza. Fomu inataka tarehe ya kifo, na mama hakuijua tarehe. Alikumbuka tu kwamba ilikuwa siku ya soko. Sista alitafuta kalenda, akahesabu kurudi nyuma, akajaza. Ile tarehe ikawa takwimu, na mvua na mahindi havikuwa na pa kuandikwa.

Takwimu zenyewe si za kubezwa. Utafiti ulioendeshwa kwa pamoja na Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), Chuo Kikuu cha California cha San Francisco na Chuo Kikuu cha Makerere, katika vituo 20 vya Migori nchini Kenya na Busoga nchini Uganda, ulichapishwa mwaka 2020. Vituo vyote vilipewa orodha ya ukaguzi wakati wa uzazi na kuboreshewa rekodi; palipoongezwa mafunzo ya vitendo na ushirikiano wa kuboresha huduma, watoto njiti na wenye uzito mdogo waliozaliwa wafu au kufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 15.3, kwingineko walikuwa asilimia 23.3. Bila mtu wa kuwatafuta waliokwisha kwenda nyumbani, tofauti hiyo isingejulikana. Homa Bay nako watoto 600 waliingizwa katika utafiti wa bakteria wa manufaa ya tumbo. Na mtandao wa utafiti wa CHAIN, ambao Migori ilikuwa moja ya vituo vyake, uligundua kwamba kati ya watoto wa miezi 2 hadi 23 waliokufa baada ya kulazwa, karibu nusu walifariki wakiwa wameshatoka hospitalini.

Hapo ndipo ninapokwama. Sista amepiga simu kukusanya jibu, lakini mama anamwambia mtoto hanyonyi tangu jana. Kwa wakati huo yeye ni nani, mtafiti au muuguzi? Anasema hilo halimsumbui: humwamuru mama aende hospitali sasa hivi, kisha huandika kwenye fomu kwamba ameingilia. Linalomsumbua ni nauli, ambayo mama hana. Mara nyingine ameitoa mfukoni. Wakubwa wake hawajui, na mimi sikumuuliza ni mara ngapi. Je, huyo mtoto aliyepona kwa nauli ya sista ni matokeo ya utafiti, au ni matokeo ya sista?

Ufadhili ukiisha, simu nazo huisha. Njiti anayeruhusiwa leo bila kuwa ndani ya utafiti wowote huondoka na tarehe ya kliniki tu, na asipofika, aghalabu hakuna anayemuulizia.

Mwaka 2022 uchunguzi wa kitaifa wa afya ulionyesha kwamba Kenya hupoteza watoto 21 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai kabla hawajatimiza mwezi. Tangu Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini wameanza kupewa simu za kazi. Kaunti za Migori na Homa Bay ziwape majina ya njiti wanaoruhusiwa kila wiki, na ziweke fungu la nauli.