Nani Alimpangia Kereng'ende Mahali pa Kukaa?

Saa sita mchana, jua likiwaka, tazama madume ya kereng'ende kandokando ya bwawa. Mmoja katua juu ya unyasi, mwenzake yuko mita chache mbele juu ya kijiti, na wa tatu mbele zaidi. Nafasi hizo zimepatikana kwa kufukuzana tangu asubuhi.

Dume halindi chakula, maana mbu na visubi atawapata popote. Analinda mahali jike atakapotaga. Majike huja majini kwa muda mfupi tu, na mwenye ukingo mzuri ndiye anayewapata. Isitoshe, mwaka 1979 Jonathan Waage alionyesha jambo la ajabu kwa Calopteryx maculata, kereng'ende mwembamba mwenye mbawa nyeusi wa vijito vya Amerika Kaskazini: kabla ya kuweka mbegu zake, dume hukwangua na kuzitoa zile zilizoachwa na mtangulizi wake. Kwa hiyo kumpanda jike hakutoshi. Asipomweka mpinzani mbali hadi mayai yatagwe, kazi yake yote imepotea.

Magomvi mengi huisha upesi: mgeni anafukuzwa, anaondoka. Yakikolea, madume wawili huzungukana hewani kwa muda mrefu, pengine bila hata kugusana. Mwaka 1990 Waage na James Marden walipima miili ya washindani wa namna hiyo. Ukubwa wa misuli haukueleza nani angeshinda. Kwa kawaida alishinda mwenye akiba kubwa zaidi ya mafuta mwilini. Aliyeishiwa huachia ukingo, na hapo mipaka yote ya jirani husogea.

Mipaka hiyo hubana na kutanuka. Madume wakiongezeka, kila mmoja hubakiwa na kipande kidogo zaidi, lakini kuna kiwango ambacho hakibanwi tena. Waliokosa hurudi nyuma vichakani au huzurura ukingoni wakivizia nafasi. Ukimwondoa mwenye eneo, mara nyingi mwingine huingia upesi.

Ndiyo maana napenda kuwasihi walimu na wanafunzi wanaohesabu kereng'ende ili kujua hali ya bwawa: msiishie majini. Idadi ya madume ukingoni hueleza zaidi ukingo unabeba wangapi kuliko wako wangapi kwa jumla. Ingieni pia kwenye majani marefu na vichaka vya nyuma, mkawahesabu waliokosa nafasi, na majike wanaosubiri mayai yao yakomae.