Pampu inaunguruma lakini haizunguki? Anzia kwenye kapasita

Vijana wa Rwamishenye na Muleba, hili mnaniuliza sana. Mota ya fezi moja haianzi kuzunguka yenyewe. Kapasita ndiyo inafanya umeme wa koili ya pili upishane kidogo na wa koili kuu, hapo mota inapata msukumo. Ikifa, pampu ya bustani inaunguruma tu, inapata moto, mwisho koili inaungua.

Zima haraka, usiizungushe kwa mkono. Kapasita ni rahisi kuliko kusuka mota upya. Nunua yenye maikrofaradi zilezile; volti zisipungue za ile ya zamani, mfano 450.

Nasisitiza: hata umeme ukizimwa, kapasita hubaki na chaji. Mwachie fundi aifungue.