Kapeti la bafuni na gundi yake: angalia kilichoko chini

Leo tuingie bafuni, tuinamie sakafu.

Hapa Masuguru wapo waliokwisha kutandika kapeti la plastiki, wengine huliita la mpira, mahali pa kuogea na kutawadhia. Nami nilifanya hivyo kwa mama yangu. Nilichukua gundi nyeupe ya mafundi seremala kwa kuwa ni rahisi na haina harufu kali. Kiangazi chote kapeti lilitulia. Masika yalipoingia kona moja ikanyanyuka, na alfajiri moja mama akajikwaa hapo akienda kuchukua udhu. Alhamdulillah hakuvunjika, ila kifundo cha mkono kilivimba wiki mbili. Nilipolifunua kapeti nilikuta maji yametuama, ukungu mweusi na harufu ya mkojo wa wajukuu.

Hapo suala linakuwa la afya na la tahara pamoja. Unamwaga maji juu, unaona pameng'aa, kumbe najisi imebaki chini, na ukikanyaga inachuruzika kwenye kiungo hadi mguuni. Mwenye fangasi za vidole haponi upesi akikanyaga unyevu kila siku, na mwenye pumu husumbuliwa na ukungu huo.

Kosa langu lilikuwa gundi. Ile nyeupe hukauka kwa kupoteza maji, na ikikutana na maji tena hulainika. Isitoshe, kapeti la plastiki halipitishi hewa, basi hata maji ya gundi yenyewe hayana pa kutokea.

Wengine hutumia gundi ya mafundi viatu. Hii hushika haraka, lakini mafuta yanayolainisha plastiki huhamia ndani yake taratibu na kuidhoofisha. Mvuke wake ni mbaya zaidi: unalewesha, unashika moto, na ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni hadi kwenye jiko la mkaa lililo chumba cha pili. Mjamzito na watoto wasiwepo kabisa.

Inayofaa bafuni ni gundi ya sehemu mbili, epoksi, au ile ya poliyurethani iliyoandikwa kuwa ni ya sakafu zenye maji. Epoksi haisubiri kukauka. Sehemu mbili zikichanganywa hugeuka na kuwa ngumu, na maji hayairudishi nyuma. Ni ghali, sikufichi. Changanya kidogo kidogo kwa kipimo cha kwenye kopo, na vaa glovu, maana ikizoeleana na ngozi huweza kuleta upele mkali unaowasha. Viungo na kingo zizibwe kwa silikoni, na kapeti lipandishwe ukutani kiasi cha sentimita 10.

Lakini hakuna gundi itakayokuokoa kama sakafu yenyewe ina maji. Zege jipya hukomaa kwa siku 28, ila kukauka ni habari nyingine: unene wa milimita 50 huweza kuchukua takriban siku 50, na wakati wa mvua zaidi. Pima hivi: chukua nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni pande zote kwa selotepu, uiache hadi kesho yake. Ukikuta matone chini yake au saruji imekolea rangi, usibandike chochote. Nyumba ambayo haikuwekewa nailoni chini ya zege huenda isikauke kamwe, kwani unyevu unapanda kutoka ardhini.

Jambo jingine, fundi asilisahau. Gundi iliyogandia mkononi au kuchani huzuia maji yasifike kwenye ngozi, na udhu wake hausihi mpaka aiondoe. Ile ya viatu ipake mafuta ya nazi, subiri, kisha sugua kwa sabuni. Usitumie petroli. Epoksi iliyokwisha kuwa ngumu haitoki kirahisi, ndiyo maana nimetaja glovu. Aliyeshindwa bila kuchuna ngozi amuulize shekhe wake.

Mama yangu sasa hana kapeti. Tumempigia saruji yenye ukwaru kidogo, iliyoinamia tundu la maji, na ameniambia nisimletee tena fasheni za mjini.