Mtoto hasemi, tabia yake yasema

Tuseme mama, uko Kipsing, kaunti ya Isiolo. Mwanao ametimu miaka minne na hasemi. Ukimwita haitiki. Akitaka maziwa hujigonga kichwa chini. Majirani wananong'ona kuhusu laana. Utamwendea nani?

Kunao wanaofanya kazi hiyo: wachanganuzi wa tabia. Huanza kwa kutazama na kuandika. Nini kilitokea kabla mtoto hajajigonga, na alipata nini baadaye? Akipewa maziwa kila ajigongapo, amejifunza kwamba hivyo ndivyo kuomba. Basi hufunzwa kugusa kibuyu, na akigusa tu, hupewa papo hapo.

Mbinu hizi zilivuma 1987, Ivar Lovaas wa Marekani alipotangaza matokeo ya watoto 19 wenye usonji waliofunzwa takriban saa 40 kwa wiki. Yeye aliwachapa pia. Leo wataalamu wengi wamekataa kiboko, na watu wazima wenye usonji wanaonya kwamba mtoto asilazimishwe kufanana na wenzake.

Kijana anayeitamani kazi hii anaweza kuanzia elimu maalumu, mathalani katika taasisi ya KISE, Nairobi, iliyoanzishwa 1986. Cheti maarufu cha Marekani ni kigumu: tangu 2023 bodi yake haipokei waombaji wapya walio Kenya.

Lakini mama, usingoje cheti cha mtu. Usimfiche mtoto. Muulize mwalimu mkuu kuhusu kituo cha serikali cha kupima watoto. Na kuanzia kesho, weka akilini: kabla hajajigonga, alikuwa akitaka nini?