Upande wa Nani?

Ukipita Mtaa wa Kongo, Kariakoo, Dar es Salaam, alasiri ya siku ya kazi, utawatambua bila kuambiwa. Ni wanawake wawili au watatu, hawana orodha wala kapu, wameshika kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja. Wanaingia duka hili, wanakibandika juu ya gora, wanalivuta gora hadi mlangoni penye jua, wanatikisa kichwa, wanatoka. Muuzaji hawabembelezi. Anauliza tu, "Sare ya nini, mama?" Ya send-off, wanajibu, Jumamosi ijayo. Sisi upande wa mashangazi.

Jibu hilo la mwisho lina kanuni nzima ya mavazi ndani yake. Mgeni wa mji huu akipokea kadi ya sherehe iliyoandikwa "rangi: damu ya mzee na dhahabu" hudhani ni pambo la uchapaji. Si pambo. Ameelekezwa atakapokaa.

Ili tuione kanuni hii vizuri, tuiweke kando ya kanuni nyingine inayojulikana sana duniani, ya chakula cha jioni katika meli za kitalii, aina ile inayotia nanga Zanzibar. Kwenye meli za kampuni ya Cunard bado kuna jioni za gala, ambapo wanaume hutakiwa suti nyeusi na tai, wanawake gauni la jioni. Desturi imerithiwa kutoka meli zilizokuwa zikivuka Atlantiki, ambako abiria wa daraja la kwanza walivaa rasmi kila jioni isipokuwa usiku wa kwanza na wa mwisho: masanduku ama yalikuwa hayajafunguliwa, ama yameshafungwa. Asiyetaka kuvaa rasmi leo hatozwi faini, anaelekezwa ukumbi mwingine wa chakula. Kampuni ya Norwegian ililegeza masharti hayo mwaka 2000, mtu asilazimike kuvaa rasmi.

Meli inapima kiwango. Haijali koti lako limefanana na la nani. Ukilikodi, shauri lako, mradi ni koti linalostahili. Kariakoo wanaacha kiwango, wanashika rangi. Gauni la satini ya bei ya chini na gauni la lesi ya bei ya kutisha hukaa meza moja bila ugomvi kama rangi ni moja. Neno lenyewe linasema hivyo. Sare ni nguo za namna moja, na sare ni Simba na Yanga kumaliza dakika 90 bila mshindi. Waliokwenda sare wamelingana.

Mambo haya hayakuanza na kadi za kuchapisha. Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikulia katikati ya ngoma za ushindani. Katika ngoma ya beni, vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa bendi, kwa vyeo vya kijeshi vya kujipachika, na kwa nguo. Marini wakajiona wastaarabu zaidi, Arinoti wakahesabiwa wa chini. Wanawake nao walikuwa na vikundi vyao vya ngoma ya lelemama, kila kikundi na nguo zake za kufanana, hata ukiona kanga za aina moja zikikata kona ulijua nani anakuja. Bibi Titi Mohamed alitoka huko: alikuwa mwimbaji wa kikundi cha Bomba kabla ya kuingia TANU, chama cha kupigania uhuru, mwaka 1955, na alipotakiwa kuwaleta wanawake kwenye chama hakuanza mlango kwa mlango. Alianza na vikundi vya ngoma, maana vilikuwa vimeshajipanga, vina viongozi, vina michango, na vina sare.

Jaribio la kupanga mavazi kwa amri kutoka juu lilikuja baadaye, na halikwenda kwa upole. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969 ingekuwa marufuku kuvaa sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Kabla hata ya tarehe hiyo kufika, vijana walikwisha kuwashambulia wasichana eneo la Kariakoo kwa nguo zao. Naitaja habari hii kwa sababu wapo wanaodhani sare ya harusi ni amri ya aina hiyohiyo. Mimi naona ni kinyume chake. Operesheni ilimwambia msichana asichopaswa kuvaa mbele ya watu asiowajua. Sare humwambia anaowajua ni akina nani.

Utaratibu wenyewe uko hivi. Kamati ya sherehe ikishakusanya ahadi za michango, hukaa na kuchagua rangi mbili, na rangi hizo hutawala kila kitu: mapambo ya ukumbi, vitambaa vya meza, keki, tai za wapambe. Kisha zinagawanywa. Wazazi wana yao, mashangazi yao, wanakamati yao, na marafiki wa bibi harusi wanaweza kujitafutia ya kwao hukohuko ndani ya wigo uliopangwa. Kwenye kitchen party, ambako wanaume hawaingii, mara nyingi ni kitenge au dira. Wanaume kwa kawaida hupona kwa tai tu, au shati la kitenge, upendeleo usiosemwa. Ukumbini MC akitangaza, "Mashangazi, tuleteeni zawadi!", wanainuka watu ishirini wa rangi moja wakiserebuka kuelekea mbele, na ukumbi mzima unausoma ukoo kama ulivyo. Wayoruba wa Nigeria wana jambo hilihili, aso ebi, yaani nguo ya ukoo.

Sasa turudi kwenye kile kipande cha kitambaa, maana hapo ndipo penye mtihani. Kwa nini wasitumie picha ya simu? Kwa sababu simu inadanganya rangi. Zambarau ya kwenye kikundi cha WhatsApp hugeuka buluu chini ya taa ya duka. Na hata kitambaa chenyewe si mwaminifu. Rangi ya kiwandani hupikwa kwa mikupuo, na mkupuo wa leo haulingani kabisa na wa jana. Gora lililokuja na kontena la mwezi uliopita likiisha, linalofuata litakuwa jina lilelile, bei ileile, na kivuli tofauti. Walionunua mapema watatofautiana na waliosubiri mshahara, na picha ya pamoja itatoboa siri. Ndiyo maana kamati zenye uzoefu humtuma mtu mmoja mwenye jicho, anunue magora kwa jumla siku moja, kisha kila mtu akate mita zake na kulipa. Bei inapungua, rangi inabaki moja. Mweka hazina ndiye anayekosa usingizi, kwa kuwa kuna watakaochukua kitambaa kwa ahadi.

Hapo ndipo uzuri wa sare unapoanza kuumiza. Suti nyeusi utaivaa miaka kumi, hakuna atakayekumbuka. Sare ya send-off ya mtoto wa dada haivaliki tena kirahisi, maana kila aliyeiona anajua ni ya nani na ya lini. Mwezi wenye sherehe tatu ni vitambaa vitatu, fundi mara tatu, juu ya michango. Mwenye kukosa fedha hafukuzwi, ila atakaa na nguo yake ya Idi katikati ya bahari ya zambarau, na watu wataanza kujiuliza kama amegombana na ukoo. Melini angehesabiwa mzembe tu. Kanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusi za pwani, ilikuwa na busara hapo: doti moja iliingia harusi zote.

Mwenyewe niliwahi kununua tai ya damu ya mzee kwa kukisia, nikaingia ukumbini nikiwa na rangi ya wajomba wa bwana harusi. Nilipakuliwa vizuri sana. Ulipofika wakati wa wajomba kutoa nasaha, MC alininyooshea mkono.

Kwa fundi mmoja anayeshonea barazani karibu na Mtaa wa Uhuru kuna mfuko wa masalio, vipande vya kila sherehe aliyoishonea. Wateja humrudia wakitaka foronya, na yeye huchambua mfuko akiuliza lilelile swali: upande wa nani?